Kabla hujaitupa kompyuta ya biti 32, iulize kwanza

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, msinipige mawe. Kwanza majaribio yalinibana, halafu likaja hili suala la kompyuta tisa ambalo ndilo nataka tuongee leo. Niko chumbani na chai yangu ya rangi. Leo kuna mechi pale uwanjani, kelele zinafika mpaka huku Chang'ombe ya ndani, na daladala zimejaa hadi mlangoni. Nimeona bora nitulie niandike.

Stori inaanza hivi. Rumeti wangu alifanya mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, kwenye shule moja ya kata nje kidogo ya mji. Shule ina umeme, ina chumba cha kompyuta, ina hata meza nzuri zimechongwa Keko. Kitu kimoja tu haina: kompyuta zenyewe. Wanafunzi wanasoma kompyuta ubaoni. Mwalimu anachora kibodi kwa chaki, watoto wanainakili kwenye daftari. Jamani, hebu fikirieni mtu anajifunza kuogelea kwa kuchorewa bahari!

Aliporudi akatusimulia washkaji, tukaamua kukusanya. Mmoja mjomba wake anafanya kazi ofisi iliyokuwa inabadilisha mashine, mwingine akaleta laptopu ya zamani ya dada yake, mwingine akaokota desktopu mbili kwa fundi zilizokuwa zimekaa tu. Mwisho zikafika tisa, zikapangwa chini ya vitanda vyetu kama mizigo ya kwenda Kigoma. Kununua Windows hatukuwa na uwezo, na ya wizi hatukutaka (zaidi ya hapo, Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 mashine za umri huu inazikataa mlangoni). Kwa hiyo tukakubaliana Linux, na katika Linux tukakubaliana Debian. Mpaka hapo amani tupu.

Ugomvi ulianza pale mtu alipouliza: Debian ipi?

Kosa langu la kwanza, nalisema mwenyewe

Kama hujawahi kuingia ukurasa wa kupakua Debian, utakutana na orodha ya majina kama ya madawa: amd64, arm64, armhf, ppc64el, riscv64, s390x. Hayo ni majina ya aina za prosesa. Programu iliyotengenezwa kwa aina moja haisomeki na aina nyingine, kama vile barua ya Kichina usivyoweza kuisoma hata kama karatasi ni nzuri. Hapa huchagui unachokipenda. Mashine yako imeshachagua siku ilipotoka kiwandani, kazi yako ni kuijua.

Sasa mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaona laptopu zetu nyingi zina kibandiko cha Intel. Nikajiambia amd64 ni ya wale wenye prosesa za AMD, sisi hatuhusiki. Nikatafuta inayofanana nayo, nikaiona arm64. Nikakesha kwa bando la usiku, nikapakua, nikaiweka kwenye flashi, nikaichomeka. Mashine ikaitazama flashi kama haijaiona. Nikabadilisha flashi, nikabadilisha tundu, nikamlaumu fundi. Kumbe tatizo ni mimi. Bando limekwenda na maji kwa herufi mbili tu.

Ukweli ni huu, na ukikumbuka hili moja tu utakuwa umefaidika. Zile prosesa za kompyuta za kawaida za biti 64 muundo wake uliletwa na AMD mwaka 2003. Intel wakati huo walikuwa wameweka matumaini yao kwenye kitu kingine kabisa kinaitwa Itanium. Soko likaipenda njia ya AMD kwa sababu iliendelea kukubali programu za zamani, na mwaka 2004 Intel nao wakaifuata. Ndiyo maana Debian wanauita amd64 mpaka leo, kwa heshima ya aliyetangulia. Kibandiko kiwe cha Intel au cha AMD, kama ni ya biti 64, yako ni amd64. Hiyo arm64 niliyopakua mimi ni ya ukoo wa prosesa unaokuta kwenye simu yako na kwenye vibodi vidogo kama Raspberry Pi.

Itanium yenyewe? Kiini cha Linux kiliacha kuihudumia kuanzia toleo la 6.7, Januari 2024. Aliyeringa mwanzoni ndiye aliyezikwa. Mambo ya dunia hayo.

Sita zilizohukumiwa kifo bila kusikilizwa

Tukarudi kwenye zile tisa. Tatu zilikuwa wazi kabisa ni za biti 64. Sita zilizobaki, mtu aliyezikagua kwa haraka akasema zote ni za biti 32, na hapo ndipo makubwa yalipotokea. Maana Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Ile i386 tuliyoizoea, ambayo jina lake linatokana na prosesa ya Intel ya mwaka 1985, imebaki kwa ajili ya kuendeshea programu kuukuu ndani ya mashine ya biti 64. Ubuntu ndio kabisa, waliacha mwaka 2019.

Basi washkaji wawili wakasema hizo sita zirudishwe kwa fundi, zichinjwe, zitolewe spea. Nikauliza: umejuaje ni za biti 32? Jibu: "Nimeangalia Windows, imeandika 32."

Hapo nikapiga kelele. Windows inakuambia yenyewe imewekwa ya aina gani, na hilo halikwambii prosesa ni ya aina gani. Miaka ile mafundi wengi waliweka Windows ya biti 32 kwenye mashine ya biti 64, kwa sababu ramu ilikuwa ndogo au kwa sababu hiyo ndiyo CD waliyokuwa nayo. Nguo ya mtoto haimfanyi mtu mzima kuwa mtoto. Na hata kwenye Linux ukiandika `uname -m` ukaona i686 usikate tamaa, hicho ni kiini kilichowekwa tu. Washa mashine kwa flashi ya Linux, fungua dirisha la amri, andika `lscpu`, kisha soma mstari unaotaja hali za kufanyia kazi. Ukiona 32 peke yake, basi ni 32 kweli. Ukiona 32 na 64 pamoja, shangilia.

Tukafanya hivyo moja baada ya nyingine, umeme ukakatika katikati, ukarudi, tukaendelea. Kati ya zile sita, tatu zilikuwa za biti 64. Tatu nzima! Core 2 Duo zote, ukoo uliotoka mwaka 2006. Zilikuwa zinakwenda kuchinjwa kwa kosa la kuvaa nguo ndogo.

Kwa hiyo hesabu ikawa sita za biti 64, na tatu za biti 32 za kweli: desktopu moja ya Pentium 4 ya mwanzoni, na vilaptopu viwili vidogo vya Atom N270, vile vilivyovuma mwaka 2008 na 2009.

Eti kwa ramu ndogo tuweke 32?

Hapa kuna hoja moja naisikia sana hata vimbwetani, nataka niijibu. Wapo wanaosema mashine yenye GB 2 za ramu iwekwe mfumo wa biti 32 hata kama prosesa ni ya 64, kwa sababu biti 64 inakula ramu zaidi. Sikatai, ni kweli inakula kidogo zaidi, maana kila anwani ndani ya kumbukumbu inaandikwa kwa nafasi mara mbili. Na ni kweli pia kwamba faida kubwa ya 64, kuvuka ule ukuta wa GB 4, mwenye GB 2 haimhusu.

Lakini tuangalie unalipa nini kwa kubaki na 32. Google waliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016. Firefox nayo ikafuata kuanzia toleo la 145, Novemba 2025. Halafu kuna lile suala la saa: mifumo inayohesabu sekunde kwa biti 32 itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038. Debian 13 wamehamisha saa kwenda biti 64 katika miundo yote wanayoihudumia isipokuwa i386, iliyoachwa ilivyo ili programu za zamani zisivunjike. Yaani unaokoa ramu kidogo leo, halafu unahamia nyumba ambayo mafundi wameshaihama. Mimi nasema kama prosesa ni ya 64, weka amd64, basi. Ramu utaiokoa mahali pengine, nako ni kwenye vifurushi.

Vifurushi, na sisemi vya intaneti

Kwenye Debian kila programu inakuja kama kifurushi. Toleo la 13 lina vifurushi zaidi ya 69,000. Elfu sitini na tisa! Hapo ndipo uhuru wako ulipo, na hapo ndipo vijana wengi tunaharibu. Tunasakinisha kama tuko harusini, kila sahani tunapakua.

Mshkaji wetu mmoja (anajijua, ataisoma hii) alitaka kila mashine iwekwe GNOME na KDE zote mbili "ili watoto wachague". Jamani, mashine ya Core 2 Duo yenye GB 2! Ukiiwashia GNOME halafu ukafungua kivinjari, utaenda kula chipsi kavu pale getini ukirudi bado inafikiri. Tatizo la wepesi wa kompyuta ya zamani mara nyingi si biti, ni ile sura ya madirisha uliyoichagua pamoja na kivinjari. Wakati wa kusakinisha Debian inakuuliza unataka sura ipi. Usipogusa kitu unapewa GNOME. Iondolee alama, weka alama kwenye Xfce au LXQt. Kitendo hicho kimoja kinaifufua mashine kuliko ushauri wote wa mafundi.

Pili, jifunze tofauti ya kifurushi kinachohitajika na kifurushi kinachopendekezwa. Programu inaweza kuhitaji vitu vitano ili ifanye kazi, halafu ikapendekeza vingine kumi ambavyo ni vizuri kuwa navyo. Debian kwa kawaida inakuletea vyote. Ukiandika `apt install --no-install-recommends` inaleta vile vya lazima tu. Lakini usiifanye kuwa dini. Kuna wakati "pendekezo" ndilo linalofanya printa iitike. Mimi natumia kwa programu kubwa tu, halafu nasoma orodha kabla ya kubonyeza ndiyo. Kusoma orodha, wadau, ndio usomi wenyewe.

Tatu, angalia ukoo wa programu. Tulitaka Kalzium, ile ya jedwali la elementi, inafaa sana kwa Kemia. Lakini imetoka ukoo wa KDE, ukiiweka kwenye Xfce inakuja na wajomba na mashangazi. Tukaamua tuiweke kwenye mashine nne zenye diski ya kutosha, basi. Zote sita zikapata LibreOffice Writer, Calc na Impress, Firefox ESR, GCompris, Tux Typing ya kujifunza kuchapa, na Kiwix ili wasome Wikipedia bila intaneti. Na kitu kimoja nilichokipigania mpaka nikakauka koo: `hunspell-sw`, kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Kifurushi kidogo tu, lakini kisipokuwepo insha nzima ya mtoto inapigiwa mstari mwekundu kana kwamba lugha yake ndiyo kosa.

Hili kwangu si dogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux, wakishirikiana na wataalamu wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafuta neno la kila kitufe. Sisi wa leo tunashindwa hata kuongeza kifurushi kimoja cha kamusi? Aibu.

Nne, na hili ndilo lililookoa mifuko yetu. Mashine sita zikipakua vifurushi vilevile kila moja kivyake, bando linalipwa mara sita. Kuna programu inaitwa apt-cacher-ng. Unaiweka kwenye laptopu moja, nyingine zote unaziambia ziagize vifurushi kupitia kwake. Kifurushi cha kwanza kinatoka mtandaoni, anayekitaka baadaye anapewa nakala iliyohifadhiwa. Tukachangishana bando moja kutoka kwenye bumu, usiku mmoja sita zote zikawa tayari. Ila kumbuka nakala ya amd64 haimfai wa i386, na ya Debian 13 haimfai wa Debian 12. Angalia mwisho wa jina la faili, imeandikwa pale. Ndiyo maana naziona hizi habari za prosesa na vifurushi kama jambo moja. Ukichanganya miundo chumbani, ghala lako linagawanyika na bando linaongezeka.

Zile tatu

Sasa tumefika palipouma. Zile tatu za biti 32 tufanyeje? Rumeti wangu akasema tuweke Debian 12 ya i386, ndilo toleo la mwisho lenye kisakinishi chake, lilitoka Juni 2023, tuzipeleke tu. "Mwalimu hatajua tofauti," akasema. Mwingine akasema tusizipeleke kabisa, ni kuwapelekea watoto takataka zetu.

Mimi niliwapinga wote wawili. Kusema mwalimu hatajua ni dharau, na sisi tunasomea ualimu! Kesho mimi ndiye nitakuwa mwalimu asiyejua tofauti, na kuna kijana wa chuo ataniletea kitu kinachokaribia mwisho bila kuniambia. Lakini kuzitupa nako ni anasa ya mtu mwenye laptopu mapajani. Kwa mtoto anayechapa kwenye kibodi ya chaki, Pentium 4 inayofungua Writer si takataka.

Msimamo wangu ukawa huu: zipewe Debian 12, vifurushi vichache kabisa, LXQt, Writer na Tux Typing. Zisiunganishwe na intaneti. Na juu ya kila moja tubandike karatasi: mashine ya kujifunzia kuchapa, isiunganishwe na mtandao, huduma ya muda mrefu ya toleo hili inaishia Juni 2028. Halafu apigiwe simu mkuu wa shule aambiwe, achague mwenyewe.

Nikapewa mimi kazi ya kupiga. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba kijana wangu." Nikamweleza zote, za biti 64 na za biti 32, nikijaribu kutotumia maneno makubwa. Akanisikiliza, akauliza kitu kimoja: "Hizo tatu zinaweza kuandika barua?" Nikasema ndiyo. "Basi hizo ni za Kidato cha Kwanza."

Nikadhani yameisha. Akauliza tena, kwa upole tu: "Na zikigoma, nani atakuja?"

Wadau, nilikosa jibu. Tulikesha tukibishana prosesa na vifurushi, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo. Tumechagua vizuri kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya mtu tulikuwa hatujachagua kitu. Nikamwambia nitampigia.

Tukakaa tena. Sasa tumeamua mashine zote sita zifanane kama mapacha, isipokuwa zile nne zenye Kalzium, ili mwalimu akijifunza moja awe amejifunza zote. Flashi yenye Debian na vifurushi vyote itabaki shuleni kwenye kabati. Tunaandika kikaratasi cha Kiswahili, ukurasa mmoja: ikiganda fanya hivi, ikikataa kuwaka fanya vile. Na Jumamosi mbili rumeti na mimi tutakwenda kukaa na mwalimu wa somo, yeye ndiye asakinishe kwa mikono yake tangu mwanzo mpaka mwisho, sisi tukiwa tumeweka mikono mfukoni. Nikampigia mkuu nikamwambia hivyo. Akasema, "Hapo sawa."

Basi huo ndio msimamo wangu, anayebisha abishe kwa hoja. Prosesa huichagui, unaitambua, na `lscpu` ndiye shahidi wako. Kama ni ya 64 usirudi nyuma. Kama ni ya 32 sema ukweli na ipe kazi ndogo inayoiweza. Vifurushi chagua vichache unavyoweza kuvieleza kimoja kimoja ni vya nini. Na kabla ya yote jiulize nani atabaki na hiyo mashine ukishaondoka.

Safari ni Jumamosi ijayo asubuhi. Mwenye ramu ya DDR2 iliyolala kwenye droo, hata ya GB 1, tunaiomba, mashine mbili zinahema. Na mwenye gari la mjomba pia asijifiche, teh teh. Mechi inaonekana imeisha, kelele zimegeuka kuwa za aina nyingine, sijui nani kafungwa.

Alamsiki.